Mwangalia Mwezi Alipotazama Jua

Ukifika soko la Kasulu ukauliza duka la Mansuri muuza sukari, watu watakuzungusha. Uliza Mansuri mwangalia mwezi. Hapo hata kijana wa bodaboda asiyejua kibla kiko wapi atakufikisha mlangoni bila kukosea. Akikufikisha, atakayekukaribisha ni mimi, maana mwenyewe huwa yuko barazani na wazee wenzake, kazi ya duka kaniachia.

Jina langu Zaitun. Nimeolewa na mtu huyu miaka thelathini na mitatu, na nimechoka. Nalisema mapema ili msije mkashangaa mbele ya safari, mkasema mama huyu mbona ana ulimi. Ulimi ninao. Nilizaliwa nao kule Muyama, kwa mama yangu Immakulata, mtu wa kanisani kabisa, aliyelia wiki nzima niliposilimu ili niolewe na mwenye duka wa Kasulu. Angejua kwamba mwenye duka mwenyewe keshaoa mwezi, angelia wiki mbili.

Kazi yake ya mwezi ilikuwa hivi. Kila mwezi wa Kiislamu ukifika siku ya ishirini na tisa, Mansuri alikuwa akifunga duka alasiri (nami nalifungua tena akishapotea machoni), anachukua fimbo yake, anapanda kilima cha kwenye tangi la maji pamoja na rafiki yake Ridhiwani wa buchani. Wanakaa kwenye jiwe wanalisindikiza jua mpaka lizame. Kisha Mansuri anaanza kutafuta. Alikuwa na hesabu zake: ngumi mbili kushoto, ngumi moja na nusu juu, mwezi wa kiangazi unalala hivi, wa masika unalala vile. Akiuona wanashuka msikitini, anasema mbele ya Sheikh Abdulrahmani na watu wote, "Nimeuona kwa macho yangu," na Ridhiwani anasema, "Nami nimeuona." Mashahidi wawili wanaume, ndivyo masheikh wetu wanavyotaka kwa mwezi wa Idd. Basi mji mzima unaanza kuhesabu siku za kuchinja.

Tena si Kasulu peke yake. Binti yetu Kudra ameolewa Kibondo, na mumewe ni mtu wa msikitini huko. Siku ya kuandama mwezi mkwe wetu hukaa na simu mkononi akisubiri neno la baba mkwe, akilipata analipeleka kwa imamu wao. Miaka thelathini na moja mume wangu alifanya kazi hiyo, hajawahi kukosea, hajawahi kulipwa, na hajawahi kusikia la mtu.

Sasa mwaka ule jua lilipopatwa, mwezi wa tisa, redio iliimba habari hiyo wiki nzima. Alhamisi, saa nne asubuhi, mwezi utapita mbele ya jua, msitazame kwa macho matupu. Jumatano yake akaja dukani Eugénie kununua sukari. Eugénie ni Mkongo wa kambini Nyarugusu, anafanya kazi na watu wa shirika linalopima macho ya watu, na gari lao likija mjini lazima apite kwangu. Mwanamke mpole, lakini akianza somo haachi.

"Mama Zaitun," akasema, "kesho musiangalie jua na macho bule. Hata na lunette, ile miwani ya jua, hapana. Hata na ile film ya radio ya hospitali, hapana."

"Film gani tena?"

"Ile wanapiga kifua. Inaonyesha mbavu."

Nikamwambia ahaa, eksirei. Na maji ya beseni je? Maana wanawake wa hapa tangu zamani jua likishikwa wanatega beseni la maji uani, wanalitazama humo. Eugénie akatikisa kichwa. Hata beseni, akasema. Jua la ndani ya maji bado ni jua. Akanieleza kwamba kule nyuma ya jicho hakuna maumivu. "Inaungua na hauskie kitu. Unaenda kulala muzuri. Kesho yake njo unajua."

Basi akaomba boksi tupu la sabuni. Nikampa. Akakata tundu upande mmoja, akalifunika kwa ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, akaitoboa kwa sindano yangu ya kushonea, katundu kadogo kabisa. Upande wa pili, ndani, akabandika karatasi nyeupe, na chini akaacha wazi pa kuchungulia. Unalipa jua mgongo, akasema, unaacha mwanga uingie kwenye katundu kutoka nyuma yako, na wewe unachungulia karatasi. Hapo utaliona jua dogo kama punje ya mtama, na mwezi ukilila utaona punje inaliwa. Tukatoka uani kulijaribu, na kweli, punje ile pale. Nilifurahi kama mtoto.

Mansuri alikuwa barazani, anasikia yote. Na hapo ndipo lilipo jambo lenyewe: Sheikh Abdulrahmani alikuwa amempa kazi. Jua likipatwa kuna swala yake, na swala hiyo haianzi mpaka jua lianze kuliwa kweli. Nani wa kusimama uani kwa msikiti na kusema limeanza? Mwenye macho ya mji. Hilo lilimvimbisha kichwa tangu Jumatatu.

Nikampelekea boksi. "Baba Kudra, kesho utatumia hili."

Akalitazama, akanitazama mimi, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Mimi? Nisimame mbele ya Waislamu, jua nimelipa mgongo, nachungulia boksi la sabuni?"

"Ndiyo, hilohilo."

"Mwenye macho haambiwi tazama, Mama Kudra. Macho haya yamelitazama jua miaka thelathini na moja. Yamekomaa."

Eugénie akamwambia kwa adabu, papa, kama wanavyomwita baba huko kwao, lile jua la jioni limechoka, linapita kwenye vumbi na moshi mwingi mpaka nguvu zinaliishia. La mchana ni lingine. Mansuri akamjibu kwamba asante mwanangu, umesoma vizuri, lakini kinachokuja mbele ya jua kesho ni mwezi, na mwezi ni kazi yangu. Akasema kesho atauona mchana kweupe, kabla ya mtu yeyote, atajua unatokea upande gani na unaondokea upande gani, na Ijumaa jioni, siku ya ishirini na tisa, hatakuwa na haja hata ya kuutafuta. Atanyoosha kidole tu. Na mwezi huo ulikuwa ndio mwezi wa Idd ya kuchinja.

Nadhani hakuna mtu mwingine Kasulu nzima ambaye angelitazama jua kwa sababu hiyo. Wengine walikuwa wanataka maajabu. Wangu alikuwa anakwenda kazini.

"Shauri yako," nikasema. Nililisema kwa kuchoka tu, kama ninavyosema kila siku. Laiti siku hiyo ningegombana naye vizuri.

Alhamisi asubuhi nikaliweka lile boksi mkononi mwake mwenyewe. Akalichukua. Nilipogeuka kumpimia mteja mchele, akaliacha kwenye kaunta akavuka barabara kwenda msikitini. Nami dukani kulikuwa na watu, sikutoka.

Nitamtendea haki. Kwa wengine alifanya kazi nzuri siku ile. Wanawake walikuwa wametega beseni nyuma ya msikiti, akalimwaga. Watoto wa madrasa aliwakusanya chini ya mparachichi, akawaonyesha vile vidoa vya mwanga vinavyopenya kwenye majani, akawaambia vitazameni hivi, kila kimoja ni jua, mtaona vikiliwa vyote kwa pamoja. Na vikaliwa. Watoto walipiga kelele za furaha, nilizisikia kutoka dukani. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa, maana alisimama nao na fimbo. Kinyozi hajinyoi, jamani.

Kumbe Ridhiwani alikuwa amekuja na bahasha ya hospitali. Mwaka wa nyuma aliugua kifua akapigwa picha, na picha si unajua, ukishapigwa wanakupa ukae nayo nyumbani. Akamwambia, "Kaka, tumia hii." Mume wangu akaipokea, akainyanyua juu, akalitazama jua kupitia mbavu za Ridhiwani. Mbavuni mwanga ulikuwa mwingi mno. Akahamia kwenye pafu la kushoto, ndiko kulikokuwa na giza zaidi. Hapo akaona ukingo wa jua umegugunwa. Akapiga kelele, "Limeanza!" na mwito wa swala ukafuata, watu wakaingia kuswali.

Mwanga ulipungua polepole. Si giza, ni mwanga mwembamba, wa kuumwa. Kukawa na ubaridi. Kuku wangu wakaacha kuparura. Karibu na saa sita jua lilibaki kipande tu, nililiona kwenye boksi, nimelipa jua mgongo uani kwangu, peke yangu. Nikasema subhanallah, nikatamani angekuwepo.

Swala ilipoisha alitoka tena akatazama. Safari hii pafu la Ridhiwani akaliona jeusi mno, haoni mwezi unaondokea upande gani, na yeye ndilo alilokuwa akilitaka. Akaiteremsha picha. Akatazama hivihivi, kwa muda wa kusoma Alhamdu mara mbili. Haya aliniambia mwenyewe. Hakusikia kitu. Akarudi dukani amechangamka, akala vizuri, akalala.

Ijumaa asubuhi akampimia mteja chumvi badala ya sukari. Nikacheka. Kisha nikamwona anafungua stoo: funguo inagonga kufuli juu, inagonga chini, mpaka akaweka kidole gumba kwenye tundu ndipo akapata pa kuingiza. Sikucheka tena. Nikamfuata kimya. Akakaa juu ya gunia la maharage, akachukua msahafu wake mdogo, akaufungua, akausogeza, akausogeza tena. Akaufunga.

"Baba Kudra. Una nini?"

"Moshi tu. Wanachoma mashamba."

"Usinidanganye, nimechoka."

Akauweka msahafu pembeni. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayeungama wizi, "Neno ninalolitazama linatoka. Yaliyo pembeni yapo. Nikihamia la pembeni, nalo linatoka."

Nilishika kichwa. Nikamwambia twende hospitali, sasa hivi, nafunga duka. Akasema haiwezekani, leo ni mwezi ishirini na tisa. Nikamwambia wewe mwanaume umerogwa? Akasema labda jioni litakuwa limepungua. Halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema katika ndoa yetu. "Twende wote kilimani. Wewe unaona."

Ego, ndiyo, naona. Nilikuwa nimesubiri miaka mingi mtu huyu aniambie twende wote mahali. Ndiyo hivyo nikaambiwa.

Mchana Kudra akapiga simu kutoka Kibondo. "Mama, mume wangu anauliza, baba atapatikana saa ngapi? Huku mawingu matupu, wote wanamngoja yeye." Nikamwambia mwanangu tutawapigia. Sikumwambia lingine.

Tulipanda alasiri, mimi na magoti yangu mabovu, yeye na fimbo, Ridhiwani nyuma ananyamaza kwa adabu maana hajui kwa nini shemeji yake amekuja. Juu kulikuwa na upepo. Moshi wa mashamba ulikuwa umelala kwenye mabonde, na magharibi wingu limetanda kama blanketi chafu. Jua likaingia chini ya wingu, jekundu, likazama. Mansuri akasimama, akakunja ngumi, akapima mbili kushoto, moja na nusu juu, sawasawa kama siku zote. Akatazama pale. Akatazama, akatazama. Jasho likamtoka na baridi ile.

Kisha wingu likapasuka kidogo, nami nikauona. Mwembamba, mweupe, umelala chali, pale pale zilipokuwa ngumi zake.

"Ule," nikasema.

"Wapi?"

"Pale pale ulipotazama, Baba Kudra. Hujakosea hata kidogo."

Aliendelea kukaza macho. Nikauona uso wake unavyohangaika, na wingu likaanza kurudi. Ridhiwani akaja begani kwangu akiuliza, "Uko wapi, shemeji? Nionyeshe kidole." Nikamwonyesha. Akakunja uso, akasema, "Naam, naam, ule pale." Lakini wingu lilikuwa limeshaufunika. Alikuwa anaapia wingu.

Mansuri akageuka. "Ridhiwani. Umeuona au umeona kidole?"

Ridhiwani akainama. Mtu mzima, anaangusha ng'ombe peke yake, akainama kama mwali. "Kaka, mimi macho yangu ya mbali ni mabovu tangu ujana. Wewe ukiuona nami nauona. Si upo kweli? Hujawahi kukosea."

Sijapata kuona mtu akizeeka mahali aliposimama, ila siku hiyo. Mume wangu akakaa kwenye jiwe. Miaka yote hiyo alidhani wako wawili, kumbe alikuwa peke yake, na sasa hata yeye hayupo.

Nitasema ukweli wangu na mimi, maana hadithi ya kumsema mtu mwingine tu haina adabu. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nikamwambia, sema umeuona. Mwezi upo, nimeuona kwa macho yangu haya, si uongo. Sema tu, watu waende zao, Kudra apate neno lake, sisi kesho asubuhi twende hospitali kimyakimya, hakuna atakayejua. Nilikuwa nimechoka, magoti yanauma, na nilimwonea huruma. Sikutaka aaibike. Jina ndilo mali pekee aliyonayo; duka ni langu zaidi kuliko lake.

Akashika bega langu tukateremka, na njia nzima alikuwa akipapasa kwa mguu kabla ya kukanyaga.

Tulikuta watu wameshaswali Magharibi, wamejaa uani msikitini wakingoja. Mimi nikabaki barazani upande wa wanawake, lakini kupitia uwazi wa mlango nawaona. Sheikh Abdulrahmani akasimama na tabasamu lake, akamshika mkono.

"Haya, Mzee Mansuri. Tupe habari."

Ridhiwani, kwa mazoea, akafungua mdomo, "Nami nime..." Akagundua mwenzake hajasema kitu. Mtu mmoja nyuma akacheka.

"Sikuuona," Mansuri akasema.

Watu wakanung'unika, basi tutimize thelathini, mawingu haya. Pale pale ingeweza kuisha. Mawingu yangebeba lawama, na mwezi ujao angepata kisingizio kingine. Nikashusha pumzi. Lakini yeye akainua mkono.

"Haikuwa mawingu. Mwezi upo. Mke wangu ameuona. Mimi ndiye nisiyeona. Jana nililitazama jua, kwanza kwa picha ya kifua, kisha kwa macho matupu. Niliambiwa nisifanye hivyo na mke wangu, nikaambiwa na yule binti wa kambini, nikaletewa na chombo cha kutazamia, nikakicheka. Niliona macho yangu si kama ya watu. Msinitume tena. Na kama kuna mtu mwingine hapa aliyechungulia na leo anaona doa, asifiche kama nilivyoficha mimi tangu asubuhi. Mwenye mtoto amuulize mtoto wake leo."

Sheikh alimwachia mkono, kisha akaushika tena. Akasema kwa upole kwamba mama ameuona, Allah amlipe, ila kwa mwezi huu anahitaji wanaume wawili, na mashahidi hao leo hana. Sikukasirika. Mimi niliingia dini kwa kuolewa, sheria zao nazifuata. Nilichokuwa nakitazama ni mgongo wa mume wangu, kanzu imemganda kwa jasho.

Na kabla watu hawajatawanyika, simu ya Sheikh ikalia. Ni ndugu zake wa Uvinza. Wanaume wawili wa huko wameuona, wanaaminika, anawajua. Kelele za takbira zikapanda. Watu wakakumbatiana, wakatoka mbio kuwapigia jamaa zao. Hazikupita dakika kumi tangu Mansuri aseme neno lake. Angesema tu mawingu akanyamaza, angerudi nyumbani na jina lake zima. Wakampita kushoto na kulia akiwa amesimama katikati ya uani, na sikuona aliyemsukuma, lakini sikuona aliyesimama naye pia. Ridhiwani alikuwa ameshapotea.

Nikampigia Kudra. "Baba ameuona?" akauliza.

"Mwezi umeonekana," nikamwambia, nikakata.

Jumamosi tukaenda hospitali. Daktari alimwangazia macho, akaandika, akauliza alitazama kwa muda gani. Akasema kuna alama ya kuungua katikati kabisa, pale pa kusomea na kutambulia vitu, kwa macho yote mawili. Dawa ya kuifuta hakuna. Wengine wanapata nafuu baada ya miezi, wengine kidogo, wengine hivyohivyo. Akasema tumewapata na watoto wawili asubuhi hii, wameletwa na wazazi wao, walichungulia kwa miwani ya jua. Wao wametazama kidogo, tuna matumaini. Mansuri akauliza, "Wa Kasulu mjini?" Akaambiwa ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, akashika bega langu tukarudi nyumbani.

Nikamtengea chai barazani, nikakaa kwenye kigoda mbele yake kama kawaida. Jua la mchana lilikuwa kali, barabarani watu wanapita, wanasalimia haraka kuliko zamani. Akanywa kidogo, akaweka kikombe, akaniinulia uso. Akanitazama sawasawa, muda mrefu.

"Mama Kudra."

"Bee."

"Uso wako haupo."

Nikajishika shavu.

"Naona kanga. Naona masikio yote mawili, hereni ile. Katikati hakuna mtu."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia mtu yule. Tele. Nilikwambia, na Eugénie alikwambia, na boksi nilikuwekea mkononi. Mke mwenye ulimi kama mimi anaishi akisubiri siku moja kama hiyo, siku ambayo hakuna wa kumbishia. Nikafungua mdomo niyatoe. Nikajikuta nimechoka nayo kabla sijayasema, na machozi yananitoka na yeye hayaoni.

Nikainuka, nikachukua kigoda changu, nikakizungusha mpaka ubavuni kwake, usawa wa bega la kulia, nikakaa.

"Na hapa?"

"Sogea mbele kidogo."

Nikasogea.

"Hapo," akasema, macho yake yakitazama barabarani. "Hapo nakuona."